Mtoto mtukutu msimnyime mpira

KUNA adhabu imezoeleka sana kwenye shule zetu za msingi, na makocha wa timu za watoto nao wameirithi. Mtoto hatulii darasani, anachungulia dirishani, anamchokoza jirani yake, daftari lake halina hata zoezi moja lililokamilika. Mwalimu anavumilia, mwisho anasema: “Wewe leo huendi michezoni.” Wenzake wanatoka mbio kwenda uwanjani, yeye anabaki kufagia darasa au kung'oa majani.

Anayetoa adhabu hiyo hana nia mbaya. Anajua mtoto anapenda mpira, basi anamkamata panapouma. Lakini sisi wa kurasa za michezo tunaona hapo ndipo Musoma, Bunda na Butiama zinapopoteza wachezaji, na kabla ya wachezaji, zinapoteza watoto.

Wengi wetu tunaamini kinyume. Kaa kijiweni Nyasho au stendi ya Bunda, umtaje mtoto asiyetulia, utaambiwa: “Huyo muacheni, huyo mchezaji, miguu inamuwasha.” Yaani mtukutu wa miaka minane ndiye winga wa miaka 16. Inaingia akilini kabisa. Ila waliofuatilia watoto wa namna hii kwa miaka mingi wamekuta kitu kingine.

Kaskazini mwa Finland watafiti waliandikisha watoto waliozaliwa kati ya Julai 1985 na Juni 1986. Walipofika miaka saba na minane, walimu wao waliulizwa: nani hatulii, nani hasikilizi, nani hamalizi alichoanza. Walipofika 16, wakatazamwa tena. Matokeo ya karibu vijana 7,000 yalichapishwa mwaka 2014. Wale waliokuwa na dalili nyingi za utukutu na kukosa umakini utotoni ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi, zaidi ya mara moja na nusu, wa kuwa vijana wasiofanya mazoezi. Uzito wa kupitiliza nao ukawafuata.

Na kuna upande wa pili ambao kila mwalimu anayempenda mwanafunzi wake angetakiwa kuusoma mara mbili. Watoto waliocheza michezo ya kukimbia na kuruka kidogo walipokuwa na miaka minane, ndio walioonekana zaidi kukosa umakini walipofika 16. Kwa hiyo yule unayemwondoa uwanjani ili ajifunze kutulia, huenda unamwondoa kwenye kitu ambacho kingemsaidia kutulia.

Finland si Mara, hilo tunalijua. Na utafiti wa namna ile unaonyesha mambo yanayoandamana, hauthibitishi kwamba hili ndilo lililozaa lile. Lakini mtu anayeshinda viwanjani hahitaji kwenda Ulaya kuona jinsi mtoto huyu anavyopotea njiani.

Akiwa na miaka minane anacheza chandimu. Mpira wa makaratasi na kamba, goli ni mawe mawili, kipa ni yeyote aliyechoka. Hakuna muda wa kuripoti, hakuna jezi, hakuna orodha. Ukichoka unatoka, ukitaka unarudi. Kwa mtoto ambaye akili yake inaruka kama panzi, chandimu ni pepo. Anakimbia kuliko wote na hakuna anayemlaumu.

Akifika miaka 13 au 14 mpira unabadilika sura. Sasa kuna kocha, kuna filimbi, kuna saa kumi kamili. Kocha anachora mbinu kwenye vumbi kwa dakika 20 na dogo anaangalia ndege wa ziwani. Mechi ikianza, mabeki wanapanda kutega mtego wa kuotea, yeye kabaki nyuma peke yake, straika wa wapinzani anapokea mpira akiwa huru. Kesho yake kasahau viatu. Keshokutwa kafika saa kumi na moja. Jumamosi anajibizana na mwamuzi, kadi ya njano, hajakaa sawa, nyekundu. Wenzake wanaanza kusema huyu anatugharimu. Wiki inayofuata jina lake halipo kwenye orodha, na wala hakuna aliyemwambia kwamba ameachwa. Ameona mwenyewe.

Hapo ndipo daraja lilipovunjika. Kutoka darasa la saba kwenda kidato cha kwanza, kutoka UMITASHUMTA kwenda UMISSETA, mfumo wetu unachagua wanaofaa na wanaobaki hauwaandalii chochote. Timu ya shule ni wachezaji wasiozidi 20. Shule ina mamia. Hao mamia wengine saa kumi jioni wanafanya nini?

Musoma mjini jibu tunalijua: kibanda umiza, simu, kuweka mkeka. Kwenye mialo ya ziwani kijana wa umri huo anaweza kuwa anasubiri karabai ziwashwe aingie kwenye dagaa usiku kucha, kesho asinzie darasani. Vijijini Butiama na Bunda kuna ng'ombe wa kurudisha na maji ya kuchota, na baadhi ya watoto wanatembea mwendo mrefu kwenda na kurudi shule, kwa hiyo mwili haukosi kazi. Lakini kazi si mchezo. Mchezoni ndiko mtoto anapojifunza kungoja zamu, kupokea filimbi asiyoipenda na kurudi katikati kuanza upya baada ya kufungwa. Na huyu tunayemzungumzia ndiye anayeyahitaji mafunzo hayo kuliko wenzake wote.

Wataalamu wana jina la hali hii, ADHD. Ni hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kushika jambo moja kwa muda, asitulie, au atende kabla ya kufikiri, kuliko ilivyo kawaida kwa watoto wa umri wake. Si pepo, si laana ya ukoo, na si kwamba mama yake ameshindwa kulea. Tafiti za nchi mbalimbali zimekadiria ni watoto kama watano katika kila mia. Piga hesabu ya darasa la watoto 60, unapata watatu. Kila mwalimu wa Mkendo au Kiabakari akiongea na sisi kwa dakika mbili atawataja kwa majina.

Si kila mtundu ana hali hii, hapo tusichanganye mafaili. Mtoto mwenye njaa hatulii. Asiyesikia vizuri hatulii. Aliyelala saa nne kwa sababu ya kazi hatulii. Ndiyo maana daktari hatazami wiki moja mbaya, anatafuta dalili zilizoanza utotoni, zilizodumu kwa miezi sita au zaidi, zinazoonekana nyumbani na shuleni pia. Mzazi wa Musoma mwenye wasiwasi aanzie hospitali yake ya rufaa, na ikibidi Bugando, Mwanza. Ni safari ya zaidi ya kilomita 200, tunaijua nauli yake, na ni sababu nyingine kwa nini hatua ya kwanza lazima ichukuliwe na mwalimu na kocha ambao wapo hapa hapa.

Kiboko hakijawahi kuponya umakini. Kanuni zenyewe za adhabu shuleni zimeweka mpaka wa viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, tena kwa makosa mazito. Kusahau penseli si kosa zito.

Wenye hali hii waliofika mbali wapo. Michael Phelps aligundulika akiwa mtoto, akaendelea kuogelea, na akamaliza na medali 28 za Olimpiki. Simone Biles aliitaja hadharani mwaka 2016 baada ya wadukuzi kuiba kumbukumbu zake za matibabu na kuzimwaga mtandaoni. Alijibu kwamba si jambo la kuonea aibu. Na kwenye mpira wetu huu, Lucy Bronze, beki wa kulia wa England aliyebeba Euro ya wanawake 2022 na 2025, alisema mwaka 2025 kwamba ana ADHD na usonji, na kwamba aligundulika akiwa mtu mzima, tayari staa. (Baadhi ya dawa za hali hii zimo kwenye orodha ya vichangamshi vilivyokatazwa siku ya mashindano, kwa hiyo mchezaji anayezitumia kwa maelekezo ya daktari anapaswa kuwa na kibali. Viongozi wa klabu zetu wanaopenda kusema “hatukujua” wajue kuanzia leo.)

Hatuwataji hao ili mzazi wa Bweri aanze kuota medali. Kwa kila Phelps kuna maelfu walioachwa benchi mpaka wakaacha kuja. Tunawataja kwa sababu kuna mtu mzima aliyeamua kuwabakiza kwenye mchezo.

Kocha anaweza kufanya nini bila bajeti? Mengi. Maelekezo yawe mafupi, jambo moja kwa wakati, na umwonyeshe kwa mguu badala ya kumhutubia. Mazoezi ya wachezaji wanne kwa wanne yanamgusisha mpira mara nyingi kuliko foleni ndefu ya kusubiri kupiga shuti, na foleni ndiyo inayomharibu. Mpe kazi: abebe koni, agawe maji, ahesabu mipira. Akikosea, atoke dakika mbili kisha arudi; usimfukuze wiki nzima. Tafiti zimeonyesha kwamba mazoezi yanawasaidia watoto hawa kushika masomo vizuri zaidi muda mfupi baada ya kuyafanya. Hayachukui nafasi ya daktari, lakini hayahitaji rufaa wala foleni ya dawa.

Kwa walimu wakuu ombi letu ni moja: mapumziko na kipindi cha michezo visitumike kama adhabu. Tafuteni adhabu nyingine. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka mitano hadi 17 apate walau wastani wa dakika 60 za shughuli za mwili kwa siku, na takwimu zake za mwaka 2016 zilionyesha asilimia 81 ya vijana wa shule duniani hawafiki hapo. Kwa wasichana ni asilimia 85.

Hao wasichana tusiwapite. Kwao hali hii mara nyingi haiji na fujo. Msichana anakaa kimya, macho yako ubaoni, akili iko Ukerewe. Hasumbui mtu, kwa hiyo hakuna anayemuona, na anaitwa mzito tu. Mkoa uliotoa Bunda Queens, timu iliyofika Ligi Kuu ya Wanawake, hauwezi kusema wasichana wake hawataki mpira.

Maofisa michezo wa mkoa na wa halmashauri nao wana la kufanya. UMITASHUMTA na UMISSETA zinapoanza, kambi za kuchagua wachezaji huwakutanisha walimu wa michezo kutoka kila kona. Ongezeni siku moja tu ya mtaalamu wa afya ya akili kukaa nao. Na baada ya timu ya wilaya kuchaguliwa, kuwe na ligi ya madarasa kwa waliobaki, hata kwa mpira mmoja na goli za miti.

Mashabiki wa Musoma bado wana kidonda cha Biashara United. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika 2021, na msimu huohuo ukaisha kwa kushuka daraja. Kila siku tunaulizwa wachezaji wa kuirudisha Karume kwenye heshima yake watatoka wapi. Makocha wa timu za vijana wana madaftari ya mahudhurio. Wiki hii wayafungue, watafute yale majina yaliyokuwa na vema kila siku mwanzoni mwa mwaka kisha yakakatika, waende nyumbani kwa hao watoto wakaulize wako wapi saa kumi jioni.