TEPU PEKE YAKE HAIUNGI WAYA
(Maoni ya Kamati ya Gazeti)

Wandugu wanachama,

Mkutano wa wiki iliyopita ulikwisha kwa kelele, na neno la waya za ghala halikupata jibu. Wapo waliosema fedha kidogo iliyobaki inunue maturubai. Wapo waliosema taa zinawaka, basi tatizo liko wapi? Sisi tunaoandika gazeti hili la ukutani tunasema waya kwanza, maturubai baadaye. Tunaeleza hapa kwa sababu mkutanoni kila mtu alikuwa anasema na hakuna aliyekuwa anasikia.

Tulipanda darini pamoja na mwenzetu anayejua kazi ya umeme, swichi kubwa ikiwa imezimwa. Tulihesabu viungio 14. Vitatu ni vizuri. Tisa vimesokotwa kwa vidole tu, vikavikwa tepu nyeusi ambayo sasa inabanduka yenyewe. Viwili havina hata tepu, vimefungwa nailoni. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku nchini toka Juni 2019, lakini darini kwetu bado iko kazini! Aliyetandika waya hizo hatumtaji, na wala hayupo kijijini.

Tepu, wandugu, kazi yake ni kuzuia mtu asiguse umeme na waya zisigusane. Haishiki waya. Kinachopitisha umeme vizuri ni shaba kubanana na shaba sawasawa. Waya iliyosokotwa kwa vidole ikipata joto inatanuka, ikipoa inasinyaa, leo hivyo na kesho hivyo, mpaka inalegea, na vumbi na kutu vinaingia katikati. Hapo umeme unapita kwa shida, na ukipita kwa shida hutoa moto.

Moto kiasi gani? Chukueni kiungio kilicholegea chenye ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa sehemu moja ya kumi ya omu. Ni kitu kidogo sana. Kikipitisha ampea 10 kinatoa wati 10. Ampea zikifika 20, wati haziwi 20, zinakuwa 40, kwa sababu umeme ukizidi mara mbili moto wake unazidi mara nne. Fundi redio wetu pale sokoni anayeyusha lehemu kwa chuma cha wati hizo hizo, au pungufu. Basi ni sawa na kumwazima chuma chake, tukakilaza kwenye mbao za dari juu ya magunia, tukafunga mlango na kwenda kulala.

Na msiseme ghala haliwezi kuvuta ampea 20. Mwangalieni yule ndugu wa kuchomelea mageti anapochomeka mashine yake kwenye soketi ya ghala. Taa zote zinafifia.

Mzee mmoja alisema mkutanoni, “Si tuna fyuzi? Itakatika yenyewe.” Mzee wetu, shikamoo, lakini hapo hatuwezi kukubali. Fyuzi inangoja umeme uzidi. Waya zikigusana zikapiga shoti, inakata, na ni jambo jema. Lakini kiungio kilicholegea hakizidishi umeme, kinaupunguza kidogo. Fyuzi haioni kitu. Itakaa kimya mpaka dari liwake.

Haya, tuunge kwa njia gani? Vijana wanataka lehemu. Lehemu ni nzuri kwa redio, kwa taa ndogo, kwa waya nyembamba. Lakini ile ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 hadi 190 za Selsiasi, wakati shaba yenyewe inangoja nyuzi 1085. Kiungio kikipata moto sana, lehemu ndiyo inayotoka kwanza. Ndiyo maana waya husokotwa na kukazwa kwanza, halafu lehemu inafuata. Ile dawa ya asidi ya mafundi wa mabati isikaribie waya kabisa, inakula shaba. Itumike ile ya utomvu. Na jambo jingine ambalo hata baadhi ya mafundi hawalijui: usitie lehemu kwenye ncha ya waya halafu ukaibana kwa skrubu. Lehemu ni laini, inatambaa polepole chini ya skrubu, na baada ya miezi skrubu iko wazi.

Ndugu wa mageti naye alijitolea kuchomelea zile waya bure. Ahsante, lakini hapana. Kuchomelea shaba kupo, mafundi hutumia unga wa oksidi ya shaba na alumini kuunga waya nene za kushusha radi ardhini. Unga ule ukiwashwa hutoa moto wa kuyeyusha shaba. Hilo si jambo la kufanywa chini ya kenchi za mbao.

Kwa ghala letu tunataka konekta za skrubu, za kipimo kinachofaa waya zenyewe, kila moja ndani ya kiboksi chenye kifuniko, mahali ambapo mtu anaweza kufika na kukaza tena. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Waya ya kutoka nguzoni isiguswe na mtu wa kijijini. Kwa kawaida hiyo ni alumini, na alumini ikisokotwa na shaba zinakulana hasa zikipata unyevu. Ina viungio vyake maalumu, na wenyewe wenye nguzo wanavyo.

Wenye sola majumbani msicheke, ninyi mko pabaya zaidi. Kifaa cha wati 120 kwenye volti 230 kinavuta kama nusu ampea. Kwenye volti 12 kinavuta ampea 10. Kiungio kile kile tulichokipigia hesabu kinawala volti 1 nzima kati ya 12, halafu mnalalamika betri ni mbovu! Betri nyingi zinasingiziwa hapa kijijini. Shika kiungio kwa nje, kwenye tepu, baada ya kuzima. Kama ni cha moto, umempata mwizi.

Mahindi yanaanza kuingia mwezi ujao. Magunia yakishapangwa mpaka juu hakuna fundi atakayefika darini, kwa hiyo Kamati ya Ushirika ituitie mkutano Jumamosi hii, tupige kura. Maturubai yanaweza kungoja, mahindi yako ndani ya nyumba yenye paa. Na mwenye ngazi ndefu aitoe mapema, maana ile ya ushirika vidato viwili vimevunjika.