Mkuu Yuko Makamba, Ugomvi Uko Gatete

Tangu mwaka 2015 hadi 2025 mwananchi wa Gatete aliyekuwa na shauri la mkoa alilipeleka Rumonge mjini. Leo Rumonge si makao ya mkoa tena. Sheria ya mwaka 2023, iliyotekelezwa baada ya uchaguzi wa 2025, imepunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na Gatete sasa imo katika mkoa wa Burunga wenye makao yake Makamba.

Hatuna ugomvi na mabadiliko hayo. Tunalotaka askari walitafakari ni kwamba mkuu aliyeongezewa eneo hana budi kukasimu sehemu ya madaraka yake, ama sivyo kila jambo litamngoja yeye. Na Gatete yapo mambo yasiyongoja. Huko yako mashamba ya michikichi ambayo wenyewe waliyakimbia mwaka 1972, wengine wakayakalia, kisha wa kwanza wakarejea. Mapanga yakiinuliwa usiku, koplo wa zamu ndiye atakayeamua, apende asipende.

Koplo huyo aweza kukasimiwa kazi ya kutuliza, kutenganisha na kukamata. Hawezi kukasimiwa kugawa shamba, kwa kuwa hata mkubwa wake hana uwezo huo. Mwenye nao ni mahakama. Mtu hakasimu asichokuwa nacho. Kwa hiyo amri itamke nani, jambo gani, mpaka wapi, na taarifa irudi lini, na iandikwe. Mkuu asemaye tu “shughulikieni”, kisha mambo yakiharibika akadai hakuamuru, hakukasimu kitu: amejificha nyuma ya wadogo zake.

Hoja hiyo ilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1945 majeshi ya Jenerali Yamashita wa Japani yaliua raia wengi mjini Manila. Alijitetea kuwa hakuamuru wala hakujua. Mahakama ya kijeshi ya Marekani ilimtia hatiani, akanyongwa Februari 1946. Majaji wawili wa Mahakama Kuu ya Marekani waliipinga hukumu hiyo, nasi twaona walikuwa na sababu. Lakini Itifaki ya Kwanza ya Geneva ya 1977, kifungu cha 86, imeweka mpaka ulio wazi zaidi: mkuu hulaumiwa ikiwa alijua, au alikuwa na habari za kumwezesha kujua, naye asizuie wala asiadhibu.

Habari hizo ndizo taarifa za koplo wa zamu. Mkuu asiyezisoma hatasalimika kwa kusema kwamba alikuwa mbali.