Daftari la Krismasi

Jana, tarehe 25 Desemba, wananchi wenzetu Wakristo wa Unguja na Pemba waliadhimisha Sikukuu ya Krismasi kwa amani na utulivu. Kengele zililia Mkunazini, waumini walijaa Minara Miwili, na katika makanisa madogo ya mashamba wazee kwa vijana walihudhuria ibada wakiwa katika nguo zao za sikukuu. Baadaye, kama ilivyo ada ya sikukuu zote katika Visiwa hivi, sahani zilivuka uchochoro kutoka nyumba hadi nyumba. Tunawapa mkono wa sikukuu wote walioadhimisha.

Salamu ni wajibu, lakini salamu peke yake hazitoshi. Leo tunapenda kulieleza jambo ambalo kila mwananchi, na hasa kila mtendaji aliyekaa nyuma ya meza ya Serikali, anapaswa kulitia maanani.

Ipo aila moja ya Kikristo huko Mbweni yenye desturi ya miaka mingi. Jioni ya Krismasi, vyombo vikishaoshwa, watu wa nyumba hukusanyika barazani, likaletwa daftari la skuli lenye jalada lililochakaa, na mambo ya mwaka mzima yakaandikwa: nani amezaliwa, nani amefariki, deni gani limelipwa na lipi limebaki, nani ametenda wema na amelipwa nini. Aliyeianza kazi hiyo ni marehemu babu yao, fundi seremala. Mwandishi wa sasa ni mjukuu wake wa kike, aliyemaliza kidato cha nne. Mmoja wetu, ambaye ni jirani yao, alialikwa jana kusikiliza, na tumepewa ruhusa ya kuyaeleza tuliyoyasikia kwa sharti kuwa tusitaje jina la mtu.

Mengi yaliyosomwa ni ya kila nyumba. Mnazi uliangukia ukuta wa uani, ukuta ukajengwa upya. Kwa miezi mitatu mshahara wa baba haukufika mwisho wa mwezi, na mwenye duka la pembeni, Mwislamu, akawakopesha mchele na mafuta bila ya kuwawekea muda. Deni hilo limekwisha kulipwa, na daftari linasema hivyo.

Mwezi wa Mei bibi mkubwa wa nyumba aliaga dunia. Kaburi lilichimbwa na vijana wa mtaa, wa dini zote mbili. Wanawake wa jirani walikuja na masufuria yao wakapika kwa siku tatu. Jeneza lilipotoka nyumbani, wazee waliokuwa wametoka kusali Adhuhuri walilisindikiza mpaka mlangoni mwa kanisa, wakangoja nje kivulini, na ibada ilipomalizika wakalipokea begani mpaka makaburini.

Aila hiyo nayo ina yake. Mwezi mzima wa Ramadhani haikuwasha moto wa uani mchana. Jana nyama ya Krismasi ilichinjwa na Mwislamu wa mtaa ule, ili sahani itakayovuka uchochoro iliwe bila ya shaka. Hakuna sheria ya Baraza la Wawakilishi iliyoamrisha mambo haya. Hayo ni malezi.

Kurasa za nyuma nazo zilifunuliwa. Krismasi ya mwaka 2020 ina mistari miwili tu, na yote ni ya msiba wetu sote: siku ile sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Krismasi ya 2012 iliandikwa ndani, milango imefungwa, kwani jioni ile padri mmoja wa Kikatoliki alipigwa risasi hapa Unguja. Alipona. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Sheikh Fadhil Soraga alikuwa amemwagiwa tindikali, na tarehe 17 Februari 2013, siku ya Jumapili, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi. Chini ya ukurasa ule wa 2012 marehemu babu aliongeza maneno machache: kwamba jirani yake Mwislamu alileta mkeka usiku, akalala barazani kwao mpaka alfajiri.

Lakini upo ukurasa wa mwaka huu uliosomwa kwa sauti ya chini. Binti mwandishi alikwenda katika ofisi moja kutafuta karatasi anayoihitaji kila kijana anayemaliza masomo. Mtendaji alilisoma jina lake la Kikristo, akamtazama, akamwuliza: "Wewe umekuja lini Unguja?" Alijibu kwamba amezaliwa hapa. Akaulizwa baba, akaulizwa babu. Akaambiwa alete uthibitisho. Alipouleta, akaambiwa alete mwengine. Alikwenda mara tano. Safari ya sita sheha wa shehia yake, ambaye ni mwalimu wa chuo cha Kurani, aliacha shughuli zake akafuatana naye. Alisimama mbele ya meza ile akasema: "Bwana, babu wa babu yake huyu amezikwa Mbweni. Mimi babu wa babu yangu sijui alikozikwa." Karatasi ilitoka siku ile ile.

Jana binti alitaka kuliandika jina la mtendaji. Mama yake akamzuia. Alimwambia: "Usiliandike hilo. Andika la sheha. Daftari hili watalisoma watoto." Ndipo binti akamwuliza baba yake kwa nini asihamie Dar es Salaam, mahali ambapo hakuna atakayemwuliza amekuja lini. Baba hakujibu. Alilichukua daftari akalifunga.

Kwa kuwa baba hakulijibu swali lile, ni juu yetu sisi wengine kulijibu.

Kwanza tuikumbuke historia. Ardhi ya Mbweni ilinunuliwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1871, ikawa makao ya watu walioachwa huru kutoka utumwani. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pale pale, na Krismasi ya 1877 ikasaliwa ndani yake kabla ya jengo kumalizika. Wazee wa aila tunayoieleza ni katika watu wale. Waliletwa Unguja kwa minyororo, wakapewa uhuru hapa, wakazaa na kuzikana hapa kwa zaidi ya karne moja na nusu. Je, mtu kama huyo aulizwe amekuja lini? Wengi wetu, tukihesabu vizazi kwa insafu, tutakifikia chombo kilichotuleta, ama kutoka Bara, ama Ngazija, ama Hadhramaut, ama Omani.

Pili, tukumbuke tuliyofunzwa chuoni. Waislamu wa mwanzo walipoudhiwa Makka, kundi lao lilikimbilia Habeshi kiasi cha mwaka 615. Najashi, mfalme wa nchi ile, alikuwa Mkristo. Makuraishi walituma wajumbe na zawadi ili warejeshewe watu wao. Najashi aliwasikiliza wageni wake, akazirudisha zawadi, akawaacha wakae kwa amani. Mwislamu anayeijua habari hii hawezi kumwona Mkristo mwenye haki yake kuwa ni mzigo mbele ya meza.

Tatu, ipo Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984. Inampa kila mtu uhuru wa dini yake, inawaweka watu wote sawa mbele ya sheria, na inakataza ubaguzi. Mtendaji hulipwa mshahara kwa kuitekeleza Katiba hiyo, si kwa kuipima kwa majina ya watu.

Hatusemi kuwa karatasi za Serikali zitolewe ovyo. Uchunguzi ni lazima, na mtendaji anayechunguza kwa uangalifu anastahili sifa. Tunachosema ni kwamba kipimo kiwe kimoja. Ikiwa cheti cha kuzaliwa na barua ya sheha vinamtosha Fatuma, vimtoshe na Maria. Masharti yote yabandikwe mlangoni, na mwananchi aambiwe yote kwa siku moja. Na mkuu wa ofisi akiona mtoto wa Kizanzibari amepanda ngazi zake mara sita kwa jambo moja, na aulize sababu.

Wala hatumfananishi mtendaji yule na wahalifu wa 2012 na 2013. Hata hivyo, hatuna budi kusema wazi kwamba mtu akizoea kuambiwa kuwa jirani yake si mwenyeji, sikio lake huwa tayari kupokea maneno mabaya zaidi. Chuki huanza na maneno ya namna hiyo, na maneno hayo yakisemwa na ofisi huonekana kama ni sheria.

Mwakani, Inshaallah, daftari lile litafunguliwa tena. Yatakayosomwa humo hayatokani na aila ile peke yake: mwenye duka ameandika, wachimba kaburi wameandika, sheha ameandika, na mtendaji naye ameandika, ijapokuwa jina lake halimo.

Binti yule ameomba nafasi ya kusomea ualimu hapa hapa Unguja. Majibu bado hayajatoka, na barua yake iko juu ya meza ya mtu. Tunamwomba mtu huyo aisome kama anavyosoma barua ya mtoto wa jirani yake, maana ndivyo alivyo.