Mgeni Njoo: Rangi ya Mtu wa Kujitolea

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na aghalabu huifafanua kwa wepesi kuwa mgeni huja na heri. Katika makala haya ninakusudia kuuliza swali ambalo walimu wetu hawakutuuliza: mgeni huyo ana rangi gani?

Nilipokuwa darasa la nne kijijini kwetu Vihiga, alikuja kijana Mzungu kujitolea kufundisha hisabati. Tulimwandama njia nzima tukimwamkia kwa Kiingereza cha puani, tukamvuta nywele za mikono kuhakikisha kama ni za kweli. Kiswahili hakukijua, na hisabati yenyewe, Mungu amsamehe, haikumkaa sana. Hata hivyo, wazee walimpa kiti cha mbele katika kila mkutano, naye mwalimu mkuu akamwonyesha paa lililovuja. Hakuna aliyemuuliza alichokuja kutafuta. Rangi yake ilikuwa imekwisha kumjibia: amekuja kutoa. Miaka michache baadaye shule jirani ililetewa msichana Mmarekani mweusi, mwalimu aliyehitimu. Wazazi walimpokea kwa adabu, kisha wakauliza Mzungu mwenyewe angefika lini.

Mwaka 2018, baada ya shahada ya kwanza, zamu ya ugeni ikawa yangu. Serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango wa weltwärts mwaka 2008 ili kuwapeleka vijana wake kujitolea katika nchi za Kusini. Mwaka 2013 mlango ukafunguliwa upande wa pili, vijana wa Kusini nao waende huko. Niliupitia mlango huo hadi katika nyumba ya kuwatunzia wazee, mji mdogo kusini mwa nchi hiyo. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi: kuogesha, kulisha, kutandika vitanda na kusukuma viti vya magurudumu.

Watoto wa mji ule walinikodolea macho kama nilivyomkodolea yule kijana, na hilo sikulichukia; lilikuwa deni langu la zamani. Kilichonichoma ni wema. Mama mmoja kituoni mwa basi alinitia sarafu ya yuro mbili kiganjani. Mwingine alinishika bega kwa huruma akaniuliza nilikuwa nimekimbia vita gani. Siwalaumu moja kwa moja, kwani mwaka 2015 nchi hiyo ilikuwa imewapokea watu wapatao 890,000 waliotafuta hifadhi, na picha zao zilikuwa zingali machoni mwa watu. Lakini hebu tazama, msomaji: nilikuwa natoka kuwaogesha wazee wao, mgongo ukiniuma, na bado ni mimi niliyeonekana mgonjwa wa kuponywa.

Wapo wanaodai kuwa kutazamwa ni kutazamwa tu, na kwamba Mzungu wa Vihiga nami wa Ujerumani tulilingana. Sikubaliani nao. Macho ya kijijini yalimpandisha mwenzangu cheo asichokuwa nacho, ilhali yale ya ugenini yaliniondolea kazi niliyokuwa nikiifanya. Wala sisi tusijitoe lawamani, maana ni vinywa vyetu vilivyomwita mgeni yule mfadhili kabla hajafungua mkoba.

Fauka ya hayo, semina za maandalizi hutuagiza tuwe mabalozi wa Afrika. Ningependekeza agizo hilo lifutwe. Balozi ana mshahara na gari lenye bendera, na akichoka hufunga mlango. Mtu wa kujitolea ana posho tu, na akivunja kikombe, bara zima limevunja kikombe.

Mwishoni nilitakiwa kuandika ripoti. Niliandika, kwa Kijerumani, kwamba nilikuwa nimejifunza mengi. Sarafu ya yuro mbili sikuitaja. Kimya hicho nimekijutia tangu nilipoanza masomo ya uzamili na kukutana na Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten uliochapishwa mwaka 1901. Humo Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya mwaka 1896 nchini Urusi hadi Siberia, akiandamana na bwana wake Mjerumani. Alikuwa mtu wa kutumwa, lakini aliwatazama wenyeji kwa jicho lake mwenyewe na kuyasimulia aliyoyaona kwa Kiswahili. Sisi tunaorudi na vyeti tumeandika nini? Jarida hili lina kurasa.

Kuna bibi mmoja ambaye ripoti ile ingeanza naye. Kila asubuhi nilipokuwa nikimfunga vifungo aliniuliza, "Wewe unarudi kwenu lini?" Kwa miezi mitatu nilimjibu huku nimeuma meno. Kisha siku moja nikamsikia akimuuliza vivyo hivyo muuguzi aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka pale. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemfanya kila mtu mgeni mbele yake. Nilicheka, halafu nikaona haya kwa ile miezi mitatu ya hasira. Tangu hapo nilimjibu kwa Kiswahili kwamba ningerudi jioni, bibi, usijali. Naye hunipapasa mkono, akaniambia kwa lugha yake nisichelewe chakula.