Anayemwongoza Mgeni Ameshika Amana

Mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mtu wa Tanja, alifika katika mwambao wetu. Kabla hajalala usiku wake mmoja Mombasa, alipita Mogadishu, na aliyoyaona katika bandari ile aliyaandika. Kila chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikwenda kukilaki kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humwekea mfanyabiashara mmoja sahani ile mbele yake, akatangaza kuwa huyu ndiye mgeni wake. Tangu hapo mgeni hushukia nyumbani kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye amwuziaye bidhaa na ndiye amnunuliaye. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimwuzia kitu bila ya mwenyeji wake kuwapo, biashara ile ilihesabiwa kuwa batili.

Twayataja haya kwa sababu kazi ya kuongoza wageni, ambayo wengi wetu twaidhani ni kazi iliyoletwa na mahoteli ya pwani, ni kazi ya kwetu ya tangu na tangu. Ilikuwa na adabu yake na masharti yake, na sharti la kwanza lilikuwa dhima. Anayesema "huyu ni mgeni wangu" amejitwika mzigo wa mgeni, na amejitwika pia mzigo wa heshima ya mji wake. Basi leo yafaa tuulize: wangapi kati ya vijana wetu waongozao wageni wanaujua mzigo huo? Na sisi wenye miji tumewasaidia nini kuubeba?

Siku moja mwandishi wa makala haya alifuatana na mwongozaji mmoja wa Mji wa Kale wa Mombasa, kijana mwenye leseni yake na miaka mingi katika kazi. Tulimwomba asitupitishe njia ya wageni, bali atuonyeshe pale anapopapenda yeye mwenyewe. Alicheka, akasema, "Ami, ni njia hiyo hiyo." Nasi tulipokwisha kuzunguka naye tuliona kuwa amesema kweli, na hapo ndipo ulipo ubora wake.

Asubuhi alianza kwa mama mmoja auzaye mahamri na mbaazi za nazi barazani pa nyumba yake. Hakuna kibao wala karatasi ya bei. Mgeni huketi kibarazani kama aketivyo mtu wa mtaa, akasubiri zamu yake. Kisha tukaenda Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati. Hapo kijana hakuishia kwenye mizinga. Alieleza mazingiwa ya Waomani ya tangu 1696 hata 1698, akaeleza jinsi Waingereza walivyoifanya ngome kuwa jela tangu 1895 hata 1958, akamwonyesha mgeni kwamba kuta zile zimewafunga watu wa nchi hii mpaka siku ambazo wazee wetu wazikumbuka.

Kutoka hapo tulipita vichochoroni hata Msikiti wa Mandhry, uliojengwa yapata mwaka 1570. Hapa kijana alisimama nje, akapunguza sauti. Alieleza habari za mnara, akaeleza kwa nini viatu huvuliwa na kwa nini wakati wa sala picha hazipigwi, kisha akaondoka na watu wake. Hakuwavuta mlangoni wachungulie waliosujudu. Tulimpenda kwa hilo zaidi kuliko tarehe zote alizozihifadhi.

Marikiti, soko lililojengwa mwaka 1914, aliwaonyesha iliki, mdalasini na bizari, akawaambia kila kimoja huingia katika chungu gani. Adhuhuri aliwapeleka penye wali wa nazi na samaki wa kupaka. Hakuwaambia tu kuwa ni kitamu. Aliwaeleza kuwa samaki huchomwa makaani, akapakwa tui zito lenye ukwaju, thomu, tangawizi na pilipili, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Jioni walikula viazi vya karai na mishkaki, kisha wakaenda Mama Ngina chini ya mibuyu kwa mihogo ya kukaanga iliyotiwa ndimu na pilipili, na madafu, meli zikiingia Kilindini mbele ya macho yao. Mwisho wa yote kahawa tungu kwa kashata, kutoka katika dele la mzee aliyekaa na jiko lake la makaa.

Huyo ni mwongozaji mmoja. Lakini tusijidanganye, wako na wengine. Yuko ampelekaye mgeni palipo na kamisheni yake, si palipo na chakula. Mgeni aliyetoka mbali ili aonje cha Waswahili huishia kula chipsi na nyama ya kopo kwa bei ya watu wanne, akaambiwa hiki ndicho chakula cha pwani. Mama wa mahamri, aliyeamka kabla ya alfajiri kukanda unga, hapati hata senti moja ya utalii unaopita mlangoni pake. Anachopata ni kupigwa picha bila ya kusalimiwa. Hii ndiyo biashara ambayo wazee wa bandari ya Mogadishu wangeihesabu batili.

Na kuna ubaya wa pili, nao ni ubaya wa maneno. Waongozaji wengine, wakitaka kumshangaza mgeni, humwambia kuwa kila mnyororo uliochongwa katika mlango wa Kiswahili ni alama ya kuwa mwenye nyumba aliuza watu. Mnyororo ni nakshi iliyo na maana nyingi, na mafundi wameuchonga katika milango ya watu wa kila aina. Wengine huwapeleka watu Jumba la Mtwana, ng'ambo ya Mtwapa, wakawaambia kuwa hapa palikuwa soko la watumwa, kwa sababu ya jina tu. Mji ule ni wa karne ya 14, na hakuna maandishi ya kale yautajayo kuwa soko la namna hiyo. Kilichopo ni nyumba za mawe, makaburi, na msikiti ulioangalia bahari, wenye mahali pa kutawadhia, ambao kwa wema wake unatosha kumshangaza mtu bila ya kuongezewa uwongo.

Hatusemi utumwa haukuwapo. Ulikuwapo, uliwadhulumu waja wa Mungu, na katika mwambao huu wa Kenya haukufutwa kisheria ila mwaka 1907. Anayeuficha adanganya. Lakini na anayeubandika kila mlango na kila gofu, ili mgeni atoe bakshishi kwa huzuni, naye adanganya. Mwongozaji asimulie lililothibiti, na akiulizwa asilolijua, aseme halijui. Chuoni tulifunzwa kuwa kusema sijui ni sehemu ya elimu.

Tulipokuwa twarejea, tulimwuliza kijana wetu, kama angepewa siku tano na gari, angempeleka mgeni wapi. Hakusita. Gede, alisema, penye kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na msikiti mkuu uliozungukwa na msitu, mahali ambapo Bwana Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948, na ambapo ardhini mlitolewa vyombo vya Uchina. Kisha Lamu, na kutoka Lamu avuke Manda aone Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17, ambao watu wa Shela bado huzuru kaburi lake kuomba mvua. Kisha Kisiwa cha Pate, aone ngome ya Siyu, mji uliokuwa na wanachuoni na waandishi wa misahafu kwa mkono, na Shanga, ambako wachimbuaji walikuta chini ya misikiti ya mawe alama za misikiti ya miti ya tangu karne ya 8. Yaani Uislamu umesaliwa katika mchanga ule kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili.

Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Ami, Gede nimewapeleka wageni mara zisizo idadi. Mwanangu mwenyewe sijampeleka hata mara moja."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Maana si lake peke yake. Wangapi kati yetu, tuliozaliwa Mombasa, tumeingia Ngome ya Yesu tangu siku ile ya shule? Wangapi wa Malindi wameketi katika msikiti wa Gede wakawaeleza wana wao kuwa waliosali pale walikuwa watu kama sisi, wala si majini? Tumewaachia wageni makaburi ya wazee wetu, kisha twalalamika kuwa wageni wayasimulia vibaya. Mtoto wa leo ajua majina ya wachezaji wa Uingereza wote, lakini hajui kuwa chini ya miguu yake kuna mji. Na chakula ni hivyo hivyo. Nyumba ambazo bibi alipika vibibi, mkate wa sinia na samaki wa kupaka, leo zanunua mkate wa duka, na mjukuu hajui hata tui huchujwa mara ngapi. Akija mwongozaji wa miaka ishirini ijayo, atampeleka mgeni kwa nani?

Basi sisi twashauri mambo manne. Kwanza, kamati za misikiti ya Mji wa Kale na ya Lamu ziwaite waongozaji, wakae pamoja, wakubaliane juu ya nyakati, mavazi na picha. Kijana asiyefunzwa adabu ya msikiti halaumiwi peke yake. Pili, Makumbusho ya Taifa, ambayo ndiyo isimamiayo magofu haya, iwakutanishe waongozaji na wazee na wataalamu mara kwa mara, ili masimulizi yasimame juu ya elimu. Tatu, mama na mabwana wauzao chakula wasafishe mahali pao na maji yao, na bei iwe moja kwa mwenyeji na kwa mgeni, kwa maana aliyepunjwa leo harudi kesho. Nne, na hili ni letu sote, likizo moja tu kila mwaka tuwachukue wana wetu tukawaonyeshe Jumba la Mtwana au Gede au Takwa, tukiwa na mahamri yetu katika kikapu.

Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona ikiwa yeye mwenyewe haijui nyumba yake. Dini yetu imetuamrisha kumkirimu mgeni, na kumkirimu ni pamoja na kumlisha cha halali, kumwambia la kweli na kutomfanya windo. Kijana yule wa mwaka 1331 aliyechukua sahani yake hata ubavuni mwa chombo aliijua kazi yake kabla ya kuwako leseni wala hoteli. Vijana wetu wa leo waweza kuwa kama yeye, ikiwa sisi wazee wao tutawapa cha kutia katika sahani.

Wabillahi tawfiq.