Jina Tuliloliandika Katika Daftari la Madrasa

 

Ndugu zetu katika imani, muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wa darasa la juu insha juu ya aya ya 13 ya Suurat Al-Hujuraat, inayobainisha kuwa wanadamu wamefanywa makabila ili wajuane na kwamba ubora mbele ya Allah ni kwa taqwa. Wengi waliandika yale tuliyowasomesha, neno kwa neno, na tukawapa alama zao. Binti mmoja wa Kinyaturu aliandika mambo yake mwenyewe. Alieleza kuwa alilijua neno "Mang'ati" kabla hajamwona Mbarabaig hata mmoja, kwa kuwa nyumbani kwao mtoto aliyekataa kulala alitishwa kwalo. Siku alipowaona vijana wa Kibarabaig mnadani, na fimbo zao na mashuka yao, alishika kanga ya mama yake hadi walipopita. Miaka kadhaa baadaye akaketi jamvi moja na binti wa kabila hilo, akamwita kwa jina lile bila nia mbaya. Mwenzake akamjibu kwa upole kwamba kwao hakuna mtu anayejiita hivyo.

Insha hiyo ilituumiza. Tulipofungua daftari la mahudhurio ili tumwekee alama, tulikuta jambo lililoandikwa kwa mkono wetu. Katika darasa la wadogo tulikuwa na wanafunzi wawili wenye jina moja, na ili tuwatofautishe, mbele ya jina la mmoja wao tulikuwa tumeandika "Mang'ati". Kila asubuhi tulilisoma hivyo kwa sauti, darasa likacheka kidogo, na mtoto akaitika. Baada ya wiki kadhaa aliacha kuja. Tulidhani amepelekwa machungani.

Hebu tulitazame jina lenyewe. Watu hawa hujiita Datoga, na Wabarabaig ni tawi lao kubwa, wenye makazi ya asili pembezoni mwa Mlima Hanang na katika nyanda zinazopakana na mkoa wetu. "Mang'ati" walipewa na wengine, na asili yake inaelezwa kuwa ni neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Basi sisi walimu wa Qur'ani tulikuwa tukimwita mtoto wa miaka tisa, ndani ya nyumba ya Allah, "Adui", na yeye akituitikia "Naam". Aya ya 11 ya sura ile ile, mistari michache tu kabla ya aya tuliyowapa wanafunzi, inakataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Tumeihifadhi tangu utotoni.

Atasimama mzee wa Kinyaturu atuambie: nyinyi vijana hamkuyaona. Ni kweli, hatukuyaona. Baina ya Warimi (ndivyo Wanyaturu wanavyojiita kwa lugha yao) na Wabarabaig kulikuwa na wizi wa mifugo, na damu ilimwagika, na wapo wazee wanaoyajua makaburi. Hatusemi kuwa hayo ni hadithi za kutungwa. Tunasema kwamba muuaji ana jina lake na baba yake. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwahi kuwatoza Wabarabaig faini ya jumla kwa makosa ya watu wachache, ng'ombe wa asiye na hatia wakachukuliwa pamoja na wa mwenye hatia. Hiyo ni hukumu ya Mwingereza. Hukumu ya Qur'ani, katika Suurat Al-An'aam aya ya 164, ni kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine, na katika Suurat Al-Maida aya ya 8 tumeonywa kwamba chuki yetu kwa watu isituvute tukaacha uadilifu.

Husemwa pia kwamba watu hawa ni wazururaji, leo wako Hanang, kesho Singida, keshokutwa Morogoro na ng'ombe wao katika shamba la mtu. Wanaosema hivyo aghalabu hawaulizi walitoka wapi na kwa nini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulianzishwa katika nyanda za Basotu, huko Hanang, mradi mkubwa wa ngano kwa msaada wa Canada. Mashamba ya shirika la umma la NAFCO yalienea hadi zaidi ya ekari 70,000, na ardhi hiyo ilikuwa ndiyo malisho bora ya Wabarabaig, yenye maji na chumvi kwa mifugo, na humo yamo makaburi ya wazee wao wanaoheshimiwa. Walikwenda mahakamani katika miaka ya 1980. Walipata ushindi Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikaubatilisha. Familia nyingi zikaswaga ng'ombe zikatawanyika. Sisi wa mijini tulikula mkate wa ngano ile, kisha tukamwona mwenye malisho akipita njiani tukamwita mzururaji.

Sisi tuliojaaliwa kusoma katika nchi za Kiarabu tuna sababu ndogo zaidi ya kujitetea. Kule tuliitwa sokoni kwa neno lenye maana ya mtumwa, na aliyetuita alikuwa ametoka kuswali nasi katika safu moja. Tulirudi chumbani kwetu tukafungua Swahih Bukhari, Kitabu cha Imani, mahali pa kisa cha Abu Dharr (R.A.), aliyemtukana mtu kwa kumtajia mama yake, na Mtume (S.A.W.) akamkemea kuwa bado ndani yake mna ujahiliya. Mashuhuri vinywani mwa watu ni kwamba aliyetukanwa ni Bilal (R.A.), ingawa katika mapokezi ya Bukhari hakutajwa kwa jina. Usiku ule kisa hicho kilitufariji sana. Haikutupitikia kwamba siku moja tungekaa upande wa anayekemewa.

Kadhalika ndugu zetu wa upande wa Iramba na Mkalama wajihesabu. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi ni watu wachache, kiasi cha elfu moja hivi, na lugha yao haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Katika midomo yetu wao ni "Watindiga", na neno hilo limekuwa tusi kwa mtoto mchafu. Serikali, ya kikoloni na ya baada ya uhuru, zilijaribu mara kadhaa kuwalazimisha wakae vijijini na kulima, na wengi walirejea porini. Mwaka 2011 baadhi yao, upande wa Mbulu, walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Je, daawa yetu imewafikia kwa sura gani? Tulipopeleka nguo na unga tulipiga picha, tukaondoka, wala hatukuuliza jina la mtu hata mmoja.

Asitufahamu mtu vibaya. Hatusemi kila mila ni njema kwa kuwa ni mila. Matambiko na uganga ni ushirikina, uwe wa Mbarabaig au wa Mnyaturu au wa mwenye kanzu nyeupe anayeandika makombe mjini. Huo tutaendelea kuukataza. Lakini jarida hili limejaa kila mwezi makala dhidi ya bid'a, na hatukumbuki kusoma humu makala moja dhidi ya asabiyya, ilhali nayo ni katika mambo ya ujahiliya.

Tuliifuata familia ya yule mtoto, mwendo wa nusu siku kutoka mjini. Ami yake ni Muislamu, ndiye aliyemleta madrasa. Baba yake hajasilimu. Walitupa maziwa. Tuliomba radhi, na ami akatutafsiria. Baba alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama jina lile limo katika kitabu chetu. Tukasema halimo. Akauliza, kwa nini basi limo katika daftari lenu? Hatukuwa na jibu, tukarudia kuomba radhi. Mtoto mwenyewe alikuwa kwenye ng'ombe, hatukuonana naye.

Mvua zilipochelewa familia ilihama kuelekea kusini. Tumepeleka salamu kwa wachuuzi wa ng'ombe wanaofika minadani. Jamaa za misikiti ya Manyoni na Itigi, akitokea kwenu mtoto wa Kibarabaig mwenye kusoma Juzuu Amma mpaka Suurat Al-Fajr (alipofikia kwetu ni hapo), tunaomba aendelezwe, na aitwe kwa jina lake na la baba yake.