Diplome mkononi, kazi hakuna: tuheshimu ufundi

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, vigelegele vinasikika katika mitaa ya Goma, Bukavu na Bunia, na vijana wanamwagiwa poda nyeupe kichwani. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini siku chache baadaye swali linaingia nyumbani: mtoto aende wapi sasa? Katika jamaa nyingi jibu ni moja tu, chuo kikuu, hata ikiwa ni lazima shamba liuzwe.

Hatukatai chuo kikuu. Nchi yetu inahitaji waganga, walimu na waamuzi. Tunauliza tu kwa nini ufundi umeachiwa wale wanaoitwa walioshindwa.

Tuangalie Goma. Baada ya Nyiragongo kulipuka mwaka 2002, na tena Mei 2021, waashi na maseremala ndio waliosimamisha nyumba upya. Tangu mtambo wa umeme wa Matebe, Rutshuru, ulipofunguliwa mwaka 2015, nyumba nyingi zimehitaji fundi wa kutandika nyaya. Katika mitaa ya nyumba za mbao zilizosongamana, waya mmoja uliofungwa vibaya unaweza kuunguza mtaa mzima. Kazi ya namna hiyo inahitaji akili na mafundisho.

Serikali ilitambua haja hiyo zamani: INPP iliundwa mwaka 1964. Lakini kwa vijana wengi, shule ya ufundi ni gareji au atelie ya jirani. Huko mzazi analipa, mtoto anaanza kwa kufagia na kutumwa maji, na hakuna anayejua atamaliza lini. Bwana wa atelie hana haraka ya kumwachilia mtu anayemtumikia bila mshahara. Mwishowe kijana anajua kazi, lakini hana karatasi ya kuonyesha wala nyundo yake mwenyewe.

Kuna hatari nyingine. Miradi mingi inafundisha ushonaji, kila mwaka, katika mtaa uleule, huku soko limejaa mitumba. Wasichana wanapewa cherehani na kurudishwa nyumbani wakashindane wao kwa wao. Kabla ya kufungua darasa, tuulize kwanza nani atanunua kazi hiyo. Na msichana akitaka kujifunza umeme au kuchomelea vyuma, tusimzuie.

Jambo hili linatuhusu sisi Waprotestanti moja kwa moja. Tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, tunaongoza shule nyingi. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka 2019, masomo ya msingi yalipoanza kutolewa bure, wamekwisha kumaliza shule ya msingi. Tunawaandalia nini?

Parokia zinaweza kuanza na mambo madogo. Tukijenga hekalu au shule, tumwombe fundi mkuu achukue vijana wawili au watatu, kwa mapatano yaliyoandikwa: muda, mafundisho na posho. Wakimaliza, badala ya sherehe kubwa tuwanunulie vyombo vya kazi.

Mtume Paulo alishona hema kule Korintho pamoja na Akila na Prisila. Wazazi, mtoto wenu akisema anataka kuwa fundi, msilie. Muulizeni anataka kujifunza kwa nani, kisha nendeni mkaone kazi ya mtu huyo.